Mimi nina kura Septemba 16, wifi yangu ng'ambo ya barabara hana. Kwa nini?

MamaWatatu, Agosti 27, 2025

Habari zenu wana Minnesota. Naomba mnielimishe.

Niliapishwa uraia mwezi wa tano mwaka huu. Fomu ya kujiandikisha kura nilipewa palepale ukumbini, lakini nilikuwa na watoto watatu, maua na picha za kupigwa, nikaitupa kwenye gari na mpaka leo iko chini ya kiti. Mimi na wifi yangu tunaishi Brooklyn Park, nyumba zetu zinatazamana. Barabara tu ndiyo inatutenganisha, hata akikaanga vitunguu nasikia harufu.

Sasa, wiki iliyopita nimepata kadi mbili kwenye sanduku la barua, halafu Jumamosi vijana wawili wakabisha mlango wakaniambia kuna uchaguzi mdogo Septemba 16, eneo bunge 34B. Walikuwa wapole, wakanipa karatasi wakaenda. Wifi yangu hakupata kadi wala mgeni. Alipoandika anwani yake kwenye tovuti ya jimbo akaambiwa yeye ni 38A na hana uchaguzi wowote siku hiyo. Tumekaa jikoni kwangu saa nzima tukijaribu kuelewa. Watoto wetu wanasoma shule moja, takataka zetu zinachukuliwa na lori moja!

Nilidhani mbunge wetu ni yule wa Washington. Huyu wa 34B ni nani, na anafanya kazi gani? Na je, hii kura ni ya kweli au ni watu wanataka majina yetu? Leseni yangu bado ina anwani ya zamani ya Brooklyn Center. Nafanya kazi mbili, kwa hivyo mniambie ukweli kama inafaa nihangaike.

---

DerevaWaOmaha, Agosti 27, 2025

Ni ya kweli, dada. Usiogope. Kila jimbo Marekani lina bunge lake, mbali na lile la Washington, ila kila moja limejipanga kivyake. Huku kwetu Nebraska tuna baraza moja tu, maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura chama cha mgombea hakiandikwi. Mshahara wao ni $12,000 kwa mwaka, kwa hivyo wengi wana kazi nyingine. Ya Minnesota wacha wenyewe waeleze.

---

ZamuYaUsiku, Agosti 28, 2025

MamaWatatu, hongera kwa uraia. Nimetoka kazini sasa hivi, lakini sitalala kabla ya kukujibu, maana hili swali liko moyoni mwangu tangu Juni. Nimeishi Brooklyn Park miaka 19 na nimewahi kusimamia kituo cha kura mara nne.

Weka Washington pembeni kwanza. Wale wanahusika na visa, pasipoti, jeshi. Wa St. Paul, mji mkuu wa jimbo letu, wanatunga sheria za jimbo: leseni ya udereva, pesa za shule, nyumba za wazee tunakofanya kazi, likizo ya ugonjwa. Nikihesabu sheria zilizoingia nyumbani kwangu kwa miaka hii, nyingi zimetoka St. Paul.

Bunge letu lina mabaraza mawili. Seneti ina watu 67, Baraza la Wawakilishi lina 134. Kila eneo la seneta limekatwa vipande viwili, A na B, na kila kipande kina mwakilishi wake. Kwa hivyo seneta wa 34 ni mmoja, halafu chini yake kuna mwakilishi wa 34A na wa 34B. Sensa ya 2020 ilipata watu 5,706,494 katika jimbo zima. Gawanya kwa 134, kila mwakilishi anabeba watu kama 42,600. Brooklyn Park peke yake ina zaidi ya watu 86,000, haiwezi kutosha eneo moja. Mipaka ya sasa ilichorwa Februari 2022 na jopo la majaji, kwa sababu wabunge wenyewe walishindwa kukubaliana, na mji wetu ukagawanywa. Mstari lazima upite mahali, na kwenu umepita katikati ya barabara. Wifi yako yuko 38A, ambako mwaka 2024 walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Wewe uko 34B pamoja na watu wa Champlin. Lori la takataka halijui hayo, ni mambo ya kura tu.

Sasa kwa nini Septemba, wakati kura zetu huwa Novemba. Hapa naandika kwa uzito.

Mwakilishi wako alikuwa Melissa Hortman. Usiku wa kuamkia Juni 14, mtu aliyevaa kama polisi alienda kwanza Champlin akampiga risasi seneta John Hoffman na mke wake Yvette, wakapona. Halafu akaja huku kwetu akamuua Melissa na mume wake Mark nyumbani kwao. Angalia namba: Hoffman ni seneta wa 34, Hortman mwakilishi wa 34B. Wote wawili ni wako, dada. Asubuhi ile nilikuwa narudi kutoka zamu, simu ikalia ile sauti ya tahadhari, tukaambiwa tusitoke nje na tusimfungulie polisi aliye peke yake. Niliketi ndani ya gari kwenye maegesho ya nyumba yangu, funguo mkononi, nikiogopa kutembea hatua ishirini kufika mlangoni.

Huyo mama aligombea kiti mwaka 1998 akashindwa, akagombea 2002 akashindwa, akashinda 2004 na hakukitoa tena. Kuanzia 2019 mpaka mwanzo wa mwaka huu alikuwa Spika. Siku mwili wake ulipowekwa ukumbini kwenye jengo la bunge, pamoja na wa mume wake na majivu ya mbwa wao Gilbert, nilipanga foleni na sare yangu ya kazi. Mbele yangu alikuwa mzee wa Kihmong na mjukuu wake, nyuma yangu wanawake wawili wa Kisomali. Hatukuongea sana. Kila mtu alikuwa na leso.

Kiti kikibaki wazi, gavana anatangaza uchaguzi mdogo. Mchujo wa vyama ulikuwa Agosti 12, na sasa Septemba 16 ni Xp Lee wa DFL (hicho ndicho chama cha Demokrati kwa jina la huku) na Ruth Bittner wa Republican. Mimi sikuambii umchague nani. Nakuambia uende.

Na sababu ya kwenda ni hii. Uchaguzi wa 2024 uliacha Baraza la Wawakilishi 67 kwa 67. Sawa kwa sawa. Mswada hauwezi kupita bila kura 68. Eneo la 54A kule Shakopee liliamuliwa kwa kura 14, na kesi ikaenda mahakamani kwa sababu karatasi 20 za kura zilikuwa zimepotea kabla hazijahesabiwa. Eneo la 40B, mahakama iliamua aliyeshinda hakuwa anaishi ndani ya eneo lake miezi sita kama katiba inavyotaka, ikabidi watu warudi kupiga kura Machi. Hiki kiti chako ndicho kinasawazisha mizani. Ukiniuliza kama inafaa uhangaike, nakujibu kwamba sijaona kura nzito kuliko hii tangu nifike nchi hii.

Namna ya kupiga: vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na ukishakuwa kwenye foleni kabla ya saa mbili, hakuna wa kukuondoa. Kujiandikisha unaweza palepale siku ya kura, Minnesota imeruhusu hivyo tangu 1974. Leseni yako ya anwani ya zamani inatosha kuonyesha wewe ni nani, lakini beba pia bili ya umeme au ya maji ya karibuni yenye jina lako na anwani ya sasa. Bila bili, mtu aliyeandikishwa katika kituo kilekile anaweza kuapa kwamba unaishi pale. Wifi yako hawezi kukuapia, kituo chake ni kingine. Tafuta jirani wa upande wako wa barabara.

Na ile fomu itoe chini ya kiti. Ikiwa na anwani ya sasa itakufaa kwa kura zijazo, maana kwa hii ya Septemba 16 muda wa kujiandikisha mapema umeshapita, kwa hii jiandikishe kituoni.

---

MkweliDallas, Agosti 28, 2025

Poleni kwa msiba. Lakini mimi nisiseme uongo, nimekaa Texas miaka 12 na sijawahi kumwona mwakilishi wangu wa jimbo. Huku wako 150, kila mmoja ana watu kama 194,000. Bunge linakutana siku 140, mwaka mmoja ndiyo mwaka mmoja hapana, na wanalipwa $600 kwa mwezi. Mambo yanayoniuma mimi ni ya uhamiaji, na hayo ni Washington. Dada mwenye kazi mbili na watoto watatu akikosa kura ya mtu mmoja wa wilaya, sioni kosa lake.

---

ZamuYaUsiku, Agosti 29, 2025

MkweliDallas, nakuelewa kaka, na watu 194,000 ni wengi kweli. Lakini usimvunje moyo mgeni.

Nikupe ya kwangu. Kabla ya 2024, nikiugua nilikuwa naenda kazini hivyohivyo. Kuna usiku niligeuza wazee kitandani nikiwa na homa, nimevaa barakoa mbili, kwa sababu nikikosa zamu nakosa pesa ya kodi. Mwaka 2023 bunge la St. Paul likapitisha sheria ya likizo ya ugonjwa, ikaanza Januari 1, 2024: kila masaa 30 ya kazi unawekewa saa moja yenye malipo, mpaka masaa 48 kwa mwaka. Machi ile mtoto wangu wa mwisho alipata nimonia. Nilikaa karibu na kitanda chake usiku mbili na mshahara ukaingia. Hiyo haikutoka Washington.

Mwaka uleule wa 2023 wakapitisha leseni ya udereva bila kuuliza karatasi za uhamiaji, ikaanza Oktoba 1, 2023. Najua mama mmoja kanisani aliyekuwa anaendesha kwa hofu miaka tisa. Wakapitisha pia chakula cha asubuhi na mchana bure shuleni kwa watoto wote. Seneti wakati huo ilikuwa 34 kwa 33. Mtu mmoja!

Na uzito wa mtu mmoja unakwenda pande zote, lazima niseme na hili. Juni 9 mwaka huu, siku tano kabla ya kuuawa, Melissa Hortman alipiga kura ya kuwaondoa watu wazima wasio na karatasi kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kuanzia mwisho wa mwaka huu, watoto wakabaki. Ilikuwa sehemu ya makubaliano ya bajeti ili serikali ya jimbo isifungwe. Ilipita kwa 68 kwa 65, na upande wa DFL katika baraza lile alikuwa peke yake. Alilia akieleza mbele ya waandishi. Iliniuma sana, najua watu wa kisukari wanaotegemea bima hiyo. Bado nikapanga foleni kumuaga. Ukishaona watu halisi wanaamua mambo kwa tofauti ndogo hivyo, huwezi kuniambia kiti kimoja ni kitu kidogo.

Tena kumfikia si kazi. Mwaka 2023 nilienda kuongea mbele ya kamati kuhusu wafanyakazi wa nyumba za wazee. Unaandika jina, unapewa dakika mbili. Nilitoka zamu moja kwa moja, mikono inatetemeka mpaka karatasi inapiga kelele kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti akaniambia chukua muda wako, mama. Mwaka ule wakaunda bodi ya kuweka viwango vya kazi kwenye nyumba hizo. Si mimi niliyeiunda, tulikuwa wengi, lakini nilikuwepo.

Kitu kimoja watu wetu hukosea: huyu mwakilishi si mbunge wa nyumbani. Hana CDF, ule mfuko wa maendeleo wa mbunge, usimngojee kwenye harambee wala umuombe karo. Mwombe sheria, mwulize amepigaje kura.

---

KijanaWaCoonRapids, Agosti 30, 2025

Samahani naingilia. Mimi nina kadi ya kijani, bado miaka miwili niombe uraia. Nilipoenda kubadilisha leseni kuna mahali kwenye fomu pameandikwa habari za kujiandikisha kura. Naweza kupiga hizi za jimbo peke yake?

---

ZamuYaUsiku, Agosti 30, 2025

HAPANA, mwanangu. Si za jimbo, si za Washington. Usiweke alama mahali hapo pa kujiandikisha kura, usitie sahihi, hata mtu akikuambia haina shida. Ukijiandikisha kabla ya uraia unaweza kuharibu ombi lako lote na hata kufukuzwa nchini. Kama tayari umeweka alama kwa bahati mbaya, nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla hujafanya kitu kingine.

Lakini usijione mgeni kabisa. Sensa inahesabu kila anayeishi hapa, raia na asiye raia, kwa hivyo na wewe uko ndani ya wale 42,600 wa eneo lako. Unaweza kumwandikia mwakilishi wako, na unaweza kukaa mbele ya kamati kama nilivyokaa mimi. Hakuna anayekuuliza karatasi pale.

---

MamaWatatu, Septemba 16, 2025

Nimerudi. Samahani kwa kimya, kazi mbili mnazijua.

Fomu niliitoa chini ya kiti, imekanyagwa na ina juisi, nikaona aibu kuituma. Nikaamua kujiandikisha siku yenyewe. Nimetoka kazi ya kwanza saa kumi jioni, nikapitia nyumbani kuchukua bili ya umeme. Kumbe bili iko kwa jina la mume wangu! Nimesimama pale jikoni nikitaka kulia. Nikakumbuka maji yako kwa jina langu, nikatafuta kwenye droo nikaipata, ya mwezi huu.

Kituoni hakukuwa na foleni. Mzee mwenye miwani akaangalia leseni, akaangalia bili, akanipa fomu ya kujaza na kiapo cha kusaini. Aliponiuliza kama ni mara yangu ya kwanza nikasema ndiyo, akasimama akanipa mkono. Karatasi ya kura ilikuwa kubwa lakini karibu yote ni nyeupe, kiti kimoja tu, majina mawili na mstari mtupu wa kuandika mtu mwingine ukitaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtihani. Nilijaza kile kiduara polepole sana nisitoke nje ya mstari, halafu nikasoma tena jina mara tatu. Mashine ikaivuta karatasi kwa haraka, nikapewa kibandiko chekundu.

Nilikaa kwenye gari kidogo kabla ya kuondoka. Nilikuwa nafikiria yule mama, kwamba mlango wake hauko mbali na wangu, na mimi nilijua jina lake baada ya kufa.

Matokeo yametoka usiku huu, Xp Lee ameshinda. Alishawahi kuwa diwani hapa Brooklyn Park. Kwa hivyo wamerudi 67 kwa 67.

Wifi yangu alikuwa dirishani ananingojea, akavuka barabara na viatu vya ndani akitaka nimweleze kila kitu. Nimemwambia mwakani viti vyote 134 vitapigiwa kura, na Seneti nzima, na gavana, kwa hivyo na yeye atapata zamu yake. ZamuYaUsiku, umesema wewe ni mkazi wa siku nyingi: ile mikutano ya vyama ya mtaa mwezi wa pili, watu wa 38A hukutania wapi na wa 34B wapi? Tunataka kujua kama tunaweza kwenda na gari moja.

---

ZamuYaUsiku, Septemba 17, 2025

Dada, nimesoma nikiwa kwenye mapumziko, wenzangu wakaniuliza kwa nini natoa machozi.

Mikutano hiyo kila chama huwa na wake, na mahali hutangazwa Januari, mara nyingi ni shule. Wa 34B na wa 38A huenda mkapangwa majengo tofauti, lakini hufanyika wakati uleule. Mtamshusha mmoja kwake, mwingine aendelee na gari. Nitaweka tangazo humu likitoka. Na kabla ya hapo, nenda ubadilishe anwani kwenye leseni.